Mbuzi wa Chama na Orodha ya Panki

Kesi ya mbuzi wa chama ilianzia kwenye mlango wa friji la jikoni, pale tunapobandika bili za umeme na kadi za daktari wa meno. Mwanangu wa pili, wa kiume, alibandika karatasi yenye mistari minane. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la bendi yake mwenyewe, saba iliyobaki mitupu. Juu aliandika kwa wino mzito kuwa hiyo ni orodha ya tamasha la panki la mtaa wetu, na kwamba mwenye msanii wake aje na hoja. Hiyo hoja ndiyo iliyotuponza. Nyumba ya Waswahili huiambii ilete hoja halafu ukatarajia kulala mapema.

Tunakaa Chicago, mtaa wa Little Village. Mwoka mikate Mmexico, kinyozi Mmexico, na sisi ndani yao tumepanga nyumba ya matofali yenye besimenti. Si mbali ni bustani ya Douglass, ambayo mpaka 2020 ilikuwa na jina la Stephen Douglas, seneta wa zamani, kisha wanafunzi wakapigania jina mpaka bustani ikawa ya Frederick na Anna Douglass. Kila Septemba bustani hiyo huzungushiwa uzio kwa ajili ya Riot Fest, tamasha kubwa la panki. Tamasha hilo lilianza 2005 kwenye kumbi za ndani, likatoka nje 2012 katika bustani ya Humboldt, na 2015 likahamia huku. Majirani wengine hununa, maana watoto wanakosa pa kuchezea mpira. Wengine hukaa vibarazani wakasikiliza bure. Sisi hununa mchana, usiku tukasikiliza.

Orodha ya Riot Fest ya 2025 ilipotoka, mwanangu alikaa mezani kama aliyeletewa habari ya msiba. Green Day wamo, Blink-182 wamo, mpaka hapo sawa. Lakini chini yao yumo "Weird Al" Yankovic, bwana wa nyimbo za mzaha mwenye kodiani lake.

"Mama, wameleta mtu wa kodiani kwenye panki!"

Nikamwambia kodiani halijaua mtu. Akanifungulia faili la dhambi zote za Riot Fest: Wu-Tang Clan 2014, Snoop Dogg 2015, na wengineo. Hiyo ya Snoop Dogg ilipokuwa inafanyika, mwanangu alikuwa anafundishwa kufunga kamba za viatu, lakini aliisimulia kwa uchungu wa mtu aliyekuwepo getini.

Ndipo alipoamua kufanya la kwake. Hapa Chicago wakazi wanaweza kufunga kipande cha barabara yao siku moja wafanye sherehe ya mtaa, mradi wapate kibali kupitia ofisi ya diwani. Bibi wa Kimexico wa nyumba ya tatu, anayesimamia sherehe ya kwetu tangu tuhamie, aliwaachia vijana saa za muziki, kwa sababu mpiga drams wa bendi ya mwanangu ni mjukuu wake. Vijana wakapanga: bendi yao itapiga yenyewe robo saa. Nafasi saba zilizobaki zitakuwa za kupiga nyimbo kwenye spika, kila msanii robo saa, na aliyempendekeza atasimama kumtambulisha. Kwa hiyo msanii hata akiwa amefariki anaingia. Walidhani wamerahisisha mambo. Walichofanya ni kufungua makaburi.

Wa kwanza kujaza mstari alikuwa mama mkwe wangu. Ni mtu wa Ng'ambo, Unguja, anakuja kwetu kila kiangazi kwa dawa za presha na kwa kutukosoa. Aliisoma karatasi akiwa na kikombe cha chai mkononi, akaniomba kalamu, akaandika kwa mwandiko wa madrasa jina la mwimbaji wa taarabu wa Unguja: Bi Kidude.

Kijana akarudi shule, akaona. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, huyu si panki."

"Kwa nini?"

"Hana gitaa."

"Na huyo wako ana msondo?"

Kijana akaangalia dari. Bibi hakumpa nafasi. "Hebu nikwambie. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, kamkimbia mume. Kavuta sigara mbele za watu, na kunywa kanywa, watu wakasema wakachoka. Kawacheza wari unyago miaka na miaka. Kazeeka, wenziwe wote wamo kaburini, yeye yumo jukwaani Ulaya. Wazungu wakampa tuzo yao ya WOMEX 2005. Kafa 2013 na hapana mtu ajuaye kafa na miaka mingapi. Haya, huyo mnyoa kichwa wako kamkimbia nani?"

Nilimhurumia mtoto. Huyo "mnyoa kichwa" alikuwa yeye mwenyewe, maana wiki ile alikuwa amenyoa kiduku.

Hapo niligundua jambo ambalo nimeendelea kuliona kila mtu anapobishania orodha ya panki. Mwanangu alipenda muziki usiokuwa na mwenyewe, usioomba ruhusa, lakini alikuwa na masharti kuliko washenga wa Tanga. Wimbo usizidi dakika tatu. Msanii asiwe amesaini na kampuni kubwa. Asipige gitaa peke yake akajionyesha. Lazima awe na hasira, tena hasira ya kweli. Akishaorodhesha hayo anakunja mikono kifuani na kushusha mdomo, nami naiona sura ya marehemu babu yake akiwa kwenye kikao cha posa, akiuliza huyo bwana harusi ni wa ukoo gani.

Dada yake, anayesoma uuguzi chuoni, ndiye aliyekuwa akimvunja masharti hayo moja moja, kwa upole wa kutoa mshono.

"Green Day unawapenda?"

"Ndiyo." Tisheti yao alikuwa ameivaa.

"Walisaini na nani kabla ya albamu ya Dookie, 1994?"

Kimya. Akamsimulia kuhusu 924 Gilman, ukumbi wa vijana kule Berkeley, California, ambao haukuruhusu bendi za kampuni kubwa. Green Day walikulia humo. Waliposaini, mlango ukafungwa, wakakaa nje miaka mpaka waliporudi kupiga 2015. "Sasa wewe ni Gilman au ni Green Day? Chagua."

Kijana akasema yeye ni vyote viwili. Ndivyo walivyo wenye masharti wote ninaowajua.

Majina ya binti yalikuwa ya kumchoma kaka yake mahali pazuri. Aliandika Death, ndugu watatu wa ukoo wa Hackney kutoka Detroit, vijana weusi waliorekodi 1975, mwaka mmoja kabla ya santuri ya kwanza ya Ramones. Kampuni ikawataka wabadilishe jina, wakakataa, na kazi yao ikakaa hadi 2009 ndipo ikatoka kamili. Kijana alikubali bila kupumua. Kisha dada yake akaandika Poly Styrene wa X-Ray Spex, na hapo bibi akavutiwa, kwa sababu baba wa binti huyo wa London alikuwa Msomali.

"Msomali?" bibi akauliza. "Basi huyo jirani. Mwandike."

"Bendi yao ina saksafoni," kijana akalalamika.

"Ina saksafoni, na mwimbaji ana vyuma vya meno," binti akasema. "Siku anatimiza miaka kumi na tisa, 1976, aliwaona Sex Pistols kule Hastings, akaenda kutafuta wenzake wa kuunda bendi. Wewe siku yako ya kuzaliwa uliomba viatu."

Poly Styrene akapita.

Jina pekee lililopita bila mtu kuinua sauti lilikuwa la mpiga drams. Kijana huyo wa Kimexico ana adabu zake, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, naye aliandika Los Crudos kwa herufi ndogo pembeni. Ni bendi iliyozaliwa mtaa wa Pilsen, hapa jirani, 1991, ikaimba panki kwa Kihispania juu ya mipaka, polisi na mambo ya wahamiaji, kwenye besimenti za nyumba kama hii yetu. Bibi yake aliposikia kwamba orodha ina watu wa Pilsen, akatuletea sahani ya tamale. Ningependa mabishano yote yaishe hivyo.

Shemeji yangu, mdogo wake Baba Watoto, alikuwa amehamia kwetu kwa muda mfupi ambao mpaka leo haujaisha. Yeye ni wa Tandale. Aliandika neno moja tu, Singeli, bila jina la msanii.

"Ami, hiyo ni aina ya muziki, siyo mtu."

"Panki je, ni mtu?"

Akatoa simu, akawawekea. Kwa asiyeijua: singeli ni muziki wa uswahilini Dar es Salaam, Manzese, Tandale na kwingineko, uliokulia kwenye vigodoro, yale madansa ya kufunga mtaa kucha. Watengenezaji walichukua vipande vya taarabu, wakavizungusha kwenye kompyuta ya bei poa, wakavikimbiza hadi mapigo mia mbili kwa dakika na kuzidi. Ramones wenyewe wangeomba maji. Mwaka 2017 watu wa Nyege Nyege Tapes wa Kampala walitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na tangu hapo vijana wa singeli wamekuwa wakiitwa Ulaya. Mwaka uliofuata tamasha lenyewe la Nyege Nyege, kule Jinja, lilitaka kufungiwa na waziri wa maadili wa Uganda, kisha likafanyika.

"Wametakiwa kufungiwa na waziri," shemeji akasema, akimnyooshea mpwa wake kidole. "Nyinyi mmewahi kufungiwa na nani? Na mama yako, basi?"

"Lakini hawapigi vyombo. Ni kompyuta."

"Gitaa wangelinunua kwa pesa ya nani?"

Kijana alinyamaza muda mrefu kidogo. Nadhani hilo lilimwingia, kwa sababu gitaa lake la besi nalijua bei, nililipa mimi.

Mimi nilimwandika Siti binti Saad, na nilijua ninachofanya. Mwanamke wa Fumba, aliyezaliwa 1880 na wazazi watumwa, akauza vyungu, akahamia mjini, akachukua taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kwa ajili ya wakubwa akaiimba kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wa Ng'ambo. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mauaji, na mahakama iliyowafunga mashahidi badala ya muuaji. Nikamuuliza mwanangu kama hiyo hasira ni ya kweli au ya kuigiza. Alipotaka kuleta sharti la dakika tatu, nikamwambia santuri za zama zile upande mmoja haukuwa na nafasi ya kuzidi sana dakika tatu. Siti alitimiza sharti la panki nusu karne kabla halijatungwa. Akaandikwa.

Ikabaki nafasi moja, na Baba Watoto alikuwa bado hajasema.

Mume wangu ni mtu mpole isipokuwa kwenye jambo moja. Ukimtajia Freddie Mercury anakuwa balozi. Alizaliwa Unguja 1946, Farrokh Bulsara, na ukienda Mji Mkongwe utaonyeshwa zaidi ya nyumba moja uambiwe hapa ndipo. Kwa Baba Watoto hiyo inatosha kumwingiza kwenye orodha yoyote, ya panki, ya kasida au ya wapiga kura.

Watoto wote wawili, ambao hawajapatana tangu mdogo aote meno, walisimama pamoja. Binti akaeleza kwamba mwaka 1977 Queen, bendi ya Freddie, ndio hasa waliokuwa wakikataliwa na mapanki: majumba makubwa, mavazi ya bei, nyimbo za kuzunguka. Mwaka huohuo Queen na Sex Pistols walijikuta wakirekodi studio moja ya Wessex, London, na hawakuwa majirani wema. Kijana akaongeza kwamba Bohemian Rhapsody ni karibu dakika sita.

"Hamjaisikia vizuri," Baba Watoto akasema. "Mnasikilizia kwenye simu. Jumamosi tushuke chini, kila mtu apige wimbo mmoja wa mtu wake kwenye spika za haki. Ndipo tuamue."

Lazima nieleze besimenti yetu. Upande mmoja drams na amplifaya za vijana. Upande wa pili mashine ya kufulia. Katikati, ukutani, friza kubwa la kulala, na ndani yake mali ambayo si yetu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Tunatoka Tanga, Mombasa, Zanzibar, wengine Bujumbura na Uvira, na kwa ajili ya maulidi ya Septemba tulikuwa tumenunua mbuzi wawili kwa mfugaji wa nje ya mji, wakachinjwa, wakakatwa, wakafungwa kwenye mifuko. Juu yao nguru, na juu kabisa masinia ya sambusa tulizofunga Jumapili moja nzima mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye kifuniko nilibandika karatasi: ya chama, msiguse.

Jumamosi walishuka wote baada ya Isha. Mimi nilibaki juu na vyombo, na hilo naomba likumbukwe. Nilisikia kila kitu kupitia sakafu. Nilisikia Death, nikasikia singeli ikitikisa vikombe kabatini, nikasikia sauti ya Bi Kidude, ile sauti ya kukwaruza isiyoomba radhi, na baada yake pakawa kimya kiasi kwamba nilifunga bomba nisikilize. Kisha kijana akasema, kwa shingo upande, "Sawa, Bibi." Nikajua mama mkwe atatembea na hiyo "sawa" hadi uwanja wa ndege.

Halafu ikaja zamu ya Queen, na Baba Watoto akasema spika za watoto hazitoshi. Huyu bwana hupiga muziki kwenye harusi za Waswahili mwishoni mwa wiki, ana spika zake mbili ndefu. Nikasikia zikiburutwa. Nikasikia mabishano juu ya soketi. Kisha Freddie akapanda juu kupitia miguuni mwangu. Aliimba vizuri, sikatai. Kura ikapigwa, akapata kura moja, Baba Watoto akakataa matokeo, akaomba marudio, na walipanda kulala usiku umeshakuwa mkubwa, kila mmoja akinung'unika kivyake.

Jumapili alasiri mama mkwe alishuka kuchukua nazi ya kukuna. Julai ya Chicago, usiombe. Nilisikia akisema "Yallah!" mara moja, kisha hakusema tena, na kimya cha mama mkwe ni jambo la kukimbilia.

Maji yalikuwa yameshafika kwenye ngazi, maji ya rangi ya waridi. Kifuniko cha friza kilikuwa wazi upana wa vidole viwili, kimeshikiliwa na waya wa gitaa la besi uliopita juu ya ukingo. Nikakiinua. Sambusa hazikuwa sambusa tena. Manda zilikuwa zimelowa zikashikana sinia zima, kipande kimoja cheupe kilicholegea, na pembe tatu zinaonekana kwa kubahatisha tu, kitunguu na nyama vikichungulia kwenye mipasuko. Ile karatasi yangu ya "msiguse" ilikuwa imeanguka ndani, wino umechuruzika juu ya nguru.

Binti akaleta kipimajoto cha nyama. Alituambia friza lililojaa likifungwa vizuri hushika baridi hata siku mbili umeme ukikatika, ila likiachwa wazi hesabu ni nyingine. Akachoma mfuko mmoja mmoja. Kilichozidi nyuzi arobaini za Fahrenheit, nje. Sambusa zikaenda zote, na nguru wote. Mbuzi waliokuwa chini walikuwa wamelainika nje lakini mfupani bado kuna barafu. "Hawa wapikwe leo," akasema. "Leo hii."

Mbuzi wawili. Jumapili saa kumi jioni.

Lakini kwanza kesi, maana Baba Watoto alisisitiza pawe na kesi. Alikaa kwenye kiti kando ya mashine ya kufulia, akakunja kanzu, akauliza nani amechomoa plagi ya friza. Kijana akasema si yeye, yeye waya wake tu ndio uliopita juu. Binti akakiri alifungua kifuniko, lakini ni kwa sababu ami yake alitaka barafu za ukwaju. Shemeji akasema barafu aliletewa, hakuagiza. Kila mtu akamtazama mwenzake, na Baba Watoto akaanza kutoa hotuba kuhusu uangalifu na mali ya watu.

Mama mkwe alikuwa ameinama ukutani. "Haya," akasema, "na hii ya nani?"

Kwenye soketi ya friza palikuwa na plagi nyeusi iliyozungushiwa utepe mwekundu. Kila mtu nyumbani mwetu anaujua utepe huo. Baba Watoto huzungushia nyaya zake zote, ili kwenye harusi zisichanganywe na za wapiga picha.

Hotuba ilikatikia hapohapo. Mume wangu aliutazama ule utepe muda mrefu, kama anayetafuta mtu mwingine mwenye tabia hiyo.

"Freddie atolewe kwenye orodha," mama mkwe akahukumu.

"Mama, Freddie kakosa nini?"

"Kakosa wakili."

Jioni ile tulipika mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Sufuria zetu hazikutosha, nikaenda nyumba ya tatu kuazima. Bibi wa Kimexico akauliza kuna nini, nikamwonyesha kwa mikono zaidi ya maneno. Akachungulia ile nyama, akabonyeza kwa kidole, akasema "birria", na macho yake yakabadilika. Nilikuwa sijui kwamba watu wa Jalisco kwao mbuzi ni heshima kama kwetu: wanamchemsha polepole na pilipili kavu walizokwisha kuziloweka na kuzisaga, mpaka anaachia mfupa. Akachukua mapaja mawili na kidari, akaita binti zake. Sisi tukafanya pilau na mchuzi wa nazi. Kwenye uchochoro wa nyuma vijana wakawasha mkaa kwa ajili ya mishikaki. Kufika usiku watu ambao kwa miaka tulikuwa tunapungiana mikono tu walikuwa wamekaa kwenye ngazi zetu na sahani mapajani. Shemeji akaweka singeli kwa sauti ndogo. Watoto wa Kimexico waliicheza kana kwamba wamezaliwa Manzese.

Kwa Jumapili nzuri namna hiyo mtu angesamehewa. Chama hakikusamehe.

Mwenyekiti wetu ni mama wa Mombasa, mwenye sauti ya kuitia jahazi. Nilimpigia Jumatatu, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: mbuzi walipwe na aliyechomoa, wote wawili, kabla ya maulidi. Sambusa zifungwe upya, na wanaume wa nyumba hiyo washiriki kuzifunga. "Na hilo tamasha lenu. Nimeambiwa limebaki na nafasi."

"Nafasi ya Freddie Mercury."

"Simjui. Tutaichukua sisi."

Mwanangu alipoambiwa, masharti yote yalirudi mbio. Kasida kwenye panki? Akina mama na madera yao? Akasema afadhali amrudishe Freddie. Dada yake akamwambia awasikilize kwanza, si ndiyo sheria yake, watu waje na hoja?

Wakaja Jumamosi iliyofuata, besimenti ileile. Hawakuleta kasida, kasida ni ya maulidi. Walileta vugo, ngoma ya harusi ya akina mama wa pwani, ila pembe za kugonga hawakuwa nazo, nani atapita nazo forodhani? Basi wakagonga walichokuwa nacho: sinia ya shaba, mifuniko ya sufuria, na mama mmoja wa Uvira alikuwa na debe la mafuta ya kula alilolitoboa mwenyewe kwa msumari ili lilie vizuri. Maneno ya nyimbo siyaandiki hapa. Yalimhusu mama mkwe wa bwana harusi, na mama mkwe wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Hakuna wimbo uliofika dakika tatu. Waliukata mmoja katikati, wakaanza mwingine kwa kasi zaidi, hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeomba radhi kwa kukosea, na mwenyekiti alikuwa akipiga mfuniko kwa mwiko kama mtu anayedai deni.

Mwanangu alisimama kwenye ngazi na kiduku chake. Walipopumzika akashuka, akatoa gitaa lake la besi kwenye mfuko, akaomba kwa heshima zote.

"Shikamooni. Mama mwenyekiti, naweza kuwafuata kwa besi?"

"Vugo ni ya wanawake, baba."

"Nitakaa nyuma."

Mwenyekiti akamwangalia juu hadi chini. Akampa nafasi moja ya kujaribu. Kijana akaingia baada ya pigo, akaingia tena kabla ya pigo, mara ya tatu akapata na kupoteza. Akina mama hawakumngoja. Mwenyekiti akashusha mwiko.

"Huyu hafai bado," akaniambia mimi, si yeye. "Mwakani mlete tena."

Siku ya sherehe orodha ilikwenda kama ilivyoandikwa, bendi ya vijana ikifungua na chama kikifunga, na katikati wale wote waliopita kwa hoja. Kijana alipewa kazi ya kubeba masinia. Mama mkwe yeye hakucheza wala hakukaa kwenye kivuli. Tangu asubuhi alivuta kiti mpaka kwenye nguzo ya kibaraza palipokuwa na soketi, akaegemeza mkongojo, akakaa. Mara mbili tatu nilimwona mume wangu akikatiza karibu na hapo, mkono mmoja mgongoni, utepe mwekundu ukining'inia chini ya kanzu.

"Weye," mama mkwe alikuwa akimwambia bila kugeuza shingo, "unakwenda wapi?"